Fundi Vioo na Asilimia Zilizomchanganya

Saa mbili asubuhi, kioo kikubwa cha dirisha kinavuka barabara kikiwa juu ya mkokoteni. Ubavuni anatembea mwanamume mwembamba, mikono yote miwili imekikumbatia. "Polepole! Polepole!" anamwambia msukuma mkokoteni kila wanapokaribia shimo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Polepole.

Amekuwa fundi vioo kwa miaka ishirini. Mwezi uliopita alivunja vioo vitatu njiani, na faida ya wiki nzima ikaenda na maji. Shule moja ilimnyima kazi ya madirisha kwa sababu hana gari.

"Nikasema basi, nikope ninunue pikapu," anasimulia. "Sikujua najitafutia kuumwa kichwa."

Alihitaji milioni sita, alipe kwa miaka mitatu. Kampuni ya kuuza magari ilimwambia riba ni asilimia kumi na mbili kwa mwaka. Chama cha akiba na mikopo, ambako yeye ni mwanachama, kilimwambia kumi na nane.

"Hapo kuna la kuuliza?" Aliwaaga watu wa chama akarudi kwenye kampuni, kalamu mkononi.

Lakini afisa mikopo wa chama alimpigia simu. "Baba, usisaini kwanza. Ile kumi na mbili yao ni kubwa kuliko kumi na nane yetu."

"Dada, mimi sikusoma sana, lakini kuhesabu najua," alimjibu, akakata simu.

Hata hivyo hakusaini. Alirudi nyumbani, chakula kikamshinda. Shemeji yake akasema chama kinamtapeli. Jirani akasema matapeli ni kampuni. Kila aliyemuuliza alimwongezea ukungu.

Mkewe, anayeuza vitambaa sokoni, ndiye aliyechoka kusikiliza. "Baba watoto, achana na hizo asilimia. Waulize swali moja tu: mpaka siku ya mwisho, nitakuwa nimewapa shilingi ngapi?"

Kesho yake wakaenda pamoja. Muuzaji wa magari alizungukazunguka, akasifu rangi ya pikapu, akaleta soda. Mkewe hakugusa soda. Mwishowe jibu likatoka: milioni nane na laki moja na sitini. Kwenye chama, milioni saba na laki nane na kidogo.

Afisa mikopo wa chama akawaeleza sababu. Kampuni inatoza riba juu ya milioni sita zote hadi mwisho, hata ukishalipa nusu. Chama kinatoza juu ya deni lililobaki tu, na deni hilo hupungua kila mwezi.

"Umeelewa?" mkewe alimuuliza walipotoka.

"Nimeelewa alipokuwa anaongea. Sasa hivi imeshapotea," anakumbuka, akicheka mpaka anafuta macho.

Alisaini kwenye chama. Wadhamini wamepatikana, na pikapu anatarajia kuipata mwisho wa mwezi. Tayari anaranda mbao za fremu ya kusimamishia vioo, na shule ile imekubali kumsubiri.

Limebaki jambo moja: Polepole hajawahi kuendesha gari, na hataki kujifunza. Kila jioni, baada ya kufunga meza yake sokoni, mkewe huenda shule ya udereva.

"Yeye atashika usukani," anasema fundi, "mimi nitakaa nyuma na vioo vyangu."