Mtani Kwenye Kiti cha Rubani

Shemeji yangu alinipigia simu akaniomba nije Sindeni, huko Handeni, nimzuie kaka asiruke. Kaka yangu alikuwa amejenga ndege. Aliijenga nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati lililokuwa la trekta, kwa vifaa vilivyomfikia ndani ya makasha na kwa michoro aliyoijaza alama za vidole vyenye grisi. Alikuwa amestaafu ufundi mitambo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na badala ya kufuga nyuki kama wastaafu wenye akili zao, akaunda ndege ya viti viwili. Mkaguzi alishafika, akaizunguka, akagongagonga, akatoa kibali cha majaribio. Kilichobaki ni kaka kuketi ndani na kuiacha ardhi.

"Wewe ndiye uliyesoma," shemeji alisema. "Atakusikia. Mimi sitaki kuwa mjane wa mtu aliyeanguka kwenye mihogo ya watu."

Hapo ndipo watu wanaponikosea. Nimesoma kweli, lakini nilichosoma ni falsafa, na tangu hapo nimeishi kwa kuandika makala kuhusu mambo nisiyoweza kuyafanya. Balbu ikiungua kwangu Dar, tunamsubiri mtu. Hata hivyo nilipanda basi, nikashuka Korogwe, nikatafuta gari la kunifikisha Sindeni, na njia nzima nilikuwa napanga hoja.

Hoja ziliniishia mlangoni mwa banda.

Ndege haikuwa chini. Kaka alikuwa ameipandisha ili atengeneze gurudumu la mbele, lililokuwa likitetemeka vibaya alipoikimbiza uwanjani. Kila bawa lilikuwa limeegemea jeki ya lori, juu yake kipande cha ubao kilichofungwa mkeka mkuukuu. Nyuma, ili pua isianguke, mkia ulikuwa umelemewa na magunia ya mahindi. Wengine wangetumia mchanga. Lakini mavuno yalikuwa yamekwisha, na nyumba ya Handeni baada ya mavuno ina mzigo mmoja ulio karibu kuliko yote.

Upepo wa mchana ulikuwa ukipita bandani, na ndege ile ilikuwa inapumua. Nimetafuta neno jingine sijalipata. Bawa la kushoto lilipanda kidogo likashuka, la kulia likapanda. Magurudumu ya nyuma yalining'inia kama miguu ya mtu aliyebebwa. Pangaboi la mbele, ambalo watu wa kamusi wanataka tuliite rafadha, liligeuka taratibu, likasita, likarudi nyuma. Najua sababu yake: plagi zilikuwa zimetolewa na injini haikuwa na cha kulizuia. Lakini kuku wa shemeji, ambao huingia mpaka chumba cha wageni bila hodi, walikuwa wamejipanga penye ukingo wa kivuli, na hakuna aliyevuka.

"Usiiegemee," kaka alisema kutoka chini ya bawa. "Ukiiegemea inahama."

"Inahama kwenda wapi?"

"Iegemee uone, profesa."

Nikampa shikamoo yake palepale mlangoni, pamoja na kuku.

Mapangaboi yalikuwa mawili. Lililofungwa alilichonga mwenyewe kwa mbao za mninga zilizogandishwa kwa gundi, mapanga mawili, jekundu na laini kama kitu cha kuliwa. La pili lilikuwa bado kwenye kasha, la kiwandani, mapanga matatu ya nyuzi ngumu, na kila panga unaweza kulizungusha kwenye kitovu chake ukalifunga kwa pembe unayoitaka: pembe ndogo ndege ipande upesi, pembe kubwa iende mbali bila kuchosha injini. Hata mimi niliona kwamba la pili ndilo la mtu mzima. Kaka alilitaka lile la mbao.

"La mbao likigonga chini linavunjika lenyewe," alinieleza. "Linakufa peke yake. Haliburuzi injini."

"Na rubani?"

"Rubani ana mambo yake mwenyewe."

Shemeji alikuwa ametuletea chai, akasimama akinitazama. Nikaanza. Nilimtajia kaka umri wake, sukari yake, macho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa tochi nimshikie. Huo ndio uliokuwa mdahalo wetu.

Kesho yake asubuhi alifariki mzee jirani wa ukoo wetu, aliyekuwa akiadhini msikitini miaka mingi. Kufika adhuhuri uwanja wa nyumba yake ulikuwa umejaa watu, na mtani wetu alikuwa ameshawasili kutoka Kerenge. Ukoo wake na wetu ni watani. Kwenye misiba yetu wao hukata kuni, hututukana, na huchukua wanachokihitaji bila kuuliza, na sisi hatuna ruhusa ya kukasirika. Huyu alikuwa na kipaji zaidi ya wenzake. Alijua kumwigiza marehemu.

Alivaa kofia ya mzee, akapita katikati ya kina mama akikohoa kikohozi chake, akiuliza nani kaficha bakora yake. Walicheka huku wanalia. Mimi niliyewahi kuandika makala ndefu kuhusu utani, yenye tanbihi, nilisahau kucheka. Kikohozi kile kilitoka palepale kilipokuwa kikitoka siku zote, chini ya mbavu, upande mmoja.

"Nyie watu wa Sindeni hata kufa mnafanya uvivu," alituambia. "Mzee mzima anasubiri watu wavune ndipo aondoke, ili sisi tuje tusage."

"Sageni," kaka alimjibu. "Lakini ukishashiba, mtani, leo ukaoge."

Tukaenda kuzika.

Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta watu wachache wamesimama mbele ya banda. Magunia hayakuwepo kwenye mkia. Yalikuwa yameshapakiwa kwenye pikipiki kwenda mashineni. Nani aulize ya nini mahindi, siku ya msiba? Lililobaki kuuzuia mkia ulioachwa mtupu lilikuwa gunia moja, nalo lilikuwa limelala upande. Na ndani ya ndege, kwenye kiti cha rubani, alikuwa kaketi kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa kasimama pembeni mwangu, miguu ina udongo wa kaburi.

Yule wa ndani alivaa ovaroli la bluu la kaka na miwani yake ya kazini. Alibana midomo kama kaka anavyobana. Akavua miwani, akaifuta kwa kola, akaivaa tena akianza na sikio la kulia, jambo ambalo sikujua kwamba nalijua mpaka nilipoliona. Kisha akanyoosha mkono.

"Ondokeni mbele ya panga," alisema, kwa sauti ya kaka.

Nilimsikia kaka akivuta pumzi kama anayetaka kuitika, kisha akafunga mdomo. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nasi akasema astaghfirullah, akajifunika uso kwa mtandio. Mtani huigiza aliyekufa. Aliye hai haigizwi. Sijawahi kusikia popote kwamba haigizwi, hata kwenye ile makala yangu sikuandika, lakini kila mtu pale alilijua hilo.

Gunia la mwisho likateleza. Ndege haikuanguka kwa kishindo. Iliinama juu ya jeki zake pole pole, kama ng'ombe anayepiga magoti, mkia ukapanda mpaka karibu na kenchi, na pangaboi la mninga likaigusa sakafu. Likalia mara moja, kavu. Kipande chake kikaruka hadi ukutani. Mtani alibaki amening'inia kwenye mikanda, akiitazama sakafu iliyomfuata.

Kaka alimshusha mwenyewe. "Umeumia?"

"Hapana."

"Nani alikutuma upande?"

Mtani alimtazama usoni, kisha miguuni. Akaonyesha mahali mbele ya pua ya ndege. "Si wewe? Ulikuwa umesimama pale. Ukaniashiria kwa mkono nivae, nipande."

"Nilikuwa makaburini."

"Nilikuona, mtani. Mimi nilifuata magunia tu."

Tulisubiri acheke, maana mtani humalizia kwa kucheka. Hakucheka.

Injini ilipona, kama kaka alivyosema. Tuliishusha ndege kwa utaratibu, safari hii kwa magunia ya mchanga, na mchanga niliubeba mimi, ndiyo kazi ya ufundi pekee niliyowahi kuifanya bila kuharibu kitu. Akafunga gurudumu, akafunga lile pangaboi la mapanga matatu, akaipima pembe ya kila panga mpaka yakalingana. Ndege ilikuwa tayari kuliko ilivyowahi kuwa.

Hakuruka. Kila asubuhi aliitoa mpaka kwenye uwanja aliousawazisha kwa trekta pembeni mwa shamba lake, akaikimbiza, pua ikanyanyuka, halafu mlio wa injini ukashuka. Akarudi. Nikimuuliza, alisema bado kidogo. Nyumbani alianza kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Aliketi kiti cha wageni, akala kidogo, akashukuru kwa adabu. Watu aliokutana nao njia ya Kwedizinga walimsalimia kwa kuchelewa kidogo, kama wanaohakikisha kwanza. Viatu vyake vizuri alimpa mtu.

"Najua watakavyonililia," aliniambia siku moja, akinimiminia chai. "Nimeshaona. Yule bibi alijifunika uso vizuri sana."

Sikurudi Dar. Niliwaambia kazini kwamba nina msiba, na sikujua kama nimedanganya.

Shemeji ndiye aliyechoka kwanza. "Nilikuita umzuie," alisema, akipepeta mchele. "Haya, amezuilika. Huyu aliyezuilika mimi simtaki."

"Unataka aruke?"

"Nataka arudi. Akisharudi, kama ni kuruka ataruka."

Nikamweleza kuhusu mshtuko, na jinsi akili inavyoweza kuamini ilichoonyeshwa. Alinisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio wakiwa na kazi mkononi. "Hayo uyaandike," alisema. Akachukua simu, akapiga Kerenge.

Mtani alikuja amekonda, bila tusi hata moja. Ovaroli lilikuwa mikononi mwake, limefuliwa na kupigwa pasi. Shemeji hakumkaribisha.

"Ulimchukua mume wangu kwa mchezo," alimwambia. "Mrudishe kwa mchezo."

"Mama, mimi sijawahi kumrudisha mtu."

"Na aliye hai ulikuwa umewahi kumchukua?"

Alifikiri. Kisha akalivaa ovaroli, akatoka mpaka barabarani, mbali, akageuka, akaanza kuja. Alikuja kwa mwendo wa kaka, akiburuza kisigino cha kushoto, mwendo wa mtu aliyechoshwa na safari. Nilimwangalia mpaka ikabidi niangalie pembeni. Akafika mlangoni.

"Hodi."

Kaka alikuwa kwenye kiti cha wageni. Ilibidi mtu aitike, na mimi na shemeji tulijua kwamba si sisi. Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Karibu," kaka alisema mwishowe. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mwenye nyumba. Nimechoka kumbeba. Mzito huyu, anakula sana, na usiku anakoroma."

Kaka akamtazama. "Anayekoroma ni babu yako. Vua nguo zangu, mwizi wa mahindi."

"Mahindi yenyewe yalikuwa na fukusi."

"Ndiyo maana nilikuwa nawapa ndege. Vua."

Mtani akavua palepale kizingitini, akabaki na fulana na bukta. Kaka akasimama, akalivaa ovaroli juu ya nguo zake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akacheka mpaka akakohoa. Shemeji aligeuka akaingia jikoni.

Asubuhi iliyofuata kaka alitoka na ndege. Sisi watatu, mimi, shemeji na mtani, tulisimama kwenye ukingo wa uwanja, penye mbaazi. Ndege ikakimbia, pua ikanyanyuka, nikasubiri mlio ushuke. Haukushuka. Magurudumu yaliiacha ardhi, na kati yake na kivuli chake pakapatikana nafasi, na nafasi ikakua. Shemeji alikuwa amefumba macho.

"Yuko wapi?"

"Juu. Anaelekea Kwedizinga."

"Niambie akishashuka tu. Mengine usinieleze."

Mtani alikuwa amechuchumaa miguuni pangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, umekunja ngumi, kama aliyeshika fimbo fupi ya rubani. Niliuona ukilala upande wa kushoto. Juu ya mashamba ndege nayo ikalala kushoto. Nikajiambia anaifuatisha, kama watazamaji wa mpira wanavyorusha mguu. Nikaangalia vizuri zaidi, kwa uangalifu wote niliofundishwa. Mkono ulilala kulia. Kisha ndege ikalala kulia.

"Mtani," nilisema taratibu, "acha mchezo."

"Sichezi." Hakunitazama. "Usinisemeshe."

Kulikuwa na siafu kwenye nyasi pale, na mimi, pamoja na shahada zangu, nilisimama nikiomba asipatikane hata mmoja wa kumpanda mguuni. Ndege ilizunguka kwa upana, ikajipanga na uwanja, ikaanza kushuka. Ngumi ikavutwa kidogo kidogo kuelekea tumboni. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena yakakaa. Mapanga matatu yakaanza kuonekana moja moja.

"Ameshuka?" shemeji aliuliza.

Nilimtazama mtani kwanza, nikasubiri afungue ngumi, ndipo nikamjibu shemeji.