Banda Lililozibwa

Nyumba nzima ya Dobi ilikuwa na chumba kimoja tu kikavu, nacho ni kile cha kupigia pasi. Mashati ya watu yalining'inia kuanzia mlangoni hadi dirishani, na mwenyewe alipita katikati yake kwa ubavu asije akayakunja.

Kwa hiyo wifi yake aliyeishi naye alipokwenda kupasuliwa goti na kumwachia kuku saba bandani, Dobi alikiwaza kwanza chumba hicho.

"Mvua zikizidi, wifi, waingize ndani," wifi yake alimwomba. "Banda linavuja."

"Usijali," Dobi alijibu, na moyoni ameshakataa. Nguo za wateja zinuke kuku?

Mvua zikazidi, na baridi yake ya kupenya mifupa. Dobi alinunua turubai, akalizungushia banda juu mpaka chini, akagongelea misumari, asiache hata mwanya wa kupitisha kidole. Akajiona mjanja. Siku nne aliwatupia chakula kupitia kimlango cha chini bila kuchungulia, maana kazi zilimzidi kimo.

Siku ya tano aliwasikia wakikoroma. Alipofungua, harufu kali ya kinyesi ilimvaa usoni, machozi yakamchuruzika. Turubai lilikuwa likitona maji kwa ndani, kwa pumzi za kuku wenyewe. Maranda ya mbao sakafuni yamekuwa tope. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja wao yule mtetea mweusi aliyezoea kumfuata wifi jikoni kama mtoto.

"Kuku ana manyoya, baridi anaivumilia," daktari wa mifugo alimweleza. "Kinachomwua ni unyevu. Alale juu ya mti mkavu, mbali na sakafu, na hewa ipite juu ya kichwa chake. Hukujua, mama."

Lakini Dobi alijua alichoombwa. Siku ile ile aliyasogeza mashati, akawaingiza watano waliobaki, akawawekea mti juu ya makreti mawili. Wiki haikuisha, wateja wawili wakahamisha nguo zao. Hakuwalaumu.

Hospitalini, wifi hakungoja hata salamu ziishe. "Kuku wangu hawajambo?"

"Hawajambo." Neno lilimtoka lenyewe. Alikaa kidogo, akaaga, akafika getini. Akarudi.

"Wifi, nimekudanganya. Wawili wamekufa, na mweusi yumo. Niliwanyima chumba kwa ajili ya nguo za watu."

"Ungeniambia tu kwamba huwezi," wifi akasema. "Ningewapeleka kwingine."

Wifi aliporudi nyumbani, anatembelea mkongojo, walilitengeneza banda pamoja. Waliziba paa, wakaacha uwazi chini yake, mti wakauinua hadi usawa wa kiuno. Wifi alizungumzia misumari na vipimo. Habari za mweusi hakuzigusa, siku ile wala baadaye, na Dobi, aliyeshika nyundo, aliona afadhali angetukanwa.