Mgeni wa Kambi ya Boko

Temeke ya siku zile, baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa aibu kukaa bure. Mguu wangu mmoja ulikuwa umelemazwa na polio, nikitembea kwa mkongojo, lakini jembe nalijua. Kwenye bustani yetu ya mchicha nilikuwa nikikaa chini kabisa na kulima huku nikijisogeza, na mama hakuwa na la kulalamikia ila magauni yangu.

Mwalimu wetu wa michezo alipoandaa kambi ya vijana Boko, kulima mihogo asubuhi na kucheza ngoma jioni, alikuja nyumbani kuniombea ruhusa. Baba alikataa, akasema watoto watanicheka. Mwalimu akarudi tena na tena mpaka baba akachoka naye, akachukua msumeno akakata mpini wa jembe ukawa saizi yangu. Nilizunguka nalo nyumba nzima.

Boko hakuna aliyenicheka. Ingekuwa afadhali. Walinishusha kwenye lori kama mayai, wakanitandikia mkeka kivulini kando ya masufuria, wakaniambia nilinde vyombo. Chakula kikiiva, wa kwanza mimi, na kipande changu cha samaki kikubwa kuliko vyote. Wenzangu wakaenda shamba wakiimba. Sikununa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nikajihesabu mgeni.

Siku ya tatu niliamka mapema, nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa na jembe langu njiani wanakopita. Kiongozi wa kikundi chetu, msichana mpole aliyenizidi umri, akaniinamia.

"Pumzika, mdogo wangu. Fungu lako sie tutakulimia."

Wakanilimia kweli, tena kwa furaha, jua likiwaunguza migongo. Ungemkasirikia nani hapo? Nilikasirika hata hivyo, na hasira yangu ikakosa pa kwenda. Jioni walipokuwa wakitaniana kuhusu malengelenge ya mikononi, mimi viganja vyangu nilivificha chini ya kanga.

Niliporudi, mama alifurahi kuona sijakonda. Likizo iliyofuata mwalimu akaja tena, na safari hii baba hakuhitaji kubembelezwa. Aliyesema hataki ni mimi. Mwalimu alishangaa, akachuchumaa mbele yangu, akanishika bega.

"Usiogope, mwanangu. Hutafanya kazi yoyote."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: nipe tuta moja tu, hata likipinda. Lakini kwetu mtoto hambishii mwalimu mbele ya baba yake, tena mwalimu aliyemtendea wema. Nikasema mguu unaniuma. Akaniamini, akaaga.

Mtaa wa nyuma yetu aliishi binti asiyeona, na mwalimu alikuwa ameshaanza kuzungumza na mama yake habari za kambi. Baada ya mimi kukataa, hakwenda tena kwao. Nilisikia baadaye kwamba aliwaambia wenzake shuleni amejaribu, ila watoto wa namna yetu hawapendi kambi. Hilo nalijutia mpaka leo kuliko hata fungu langu la shamba. Lori la kambi lilipopita, yule binti alikuwa amekaa barazani kwao. Aliugeuza uso wake kuzifuata zile nyimbo mpaka zikapotelea mbali, kisha akamuuliza mama yake watoto wale wanakwenda wapi.