Uzi wa Kijani Ndani ya Kola

Kila Jumanne nilikuwa napeleka uzi na vifungo kwenye karakana ile ya ushonaji, na kwa miaka sita sikuona mtu anayekata kitambaa kama yule mama waliyemwita Bi Mkasi. Anakunjua jora, anapitisha kiganja mara moja, chaki, halafu mkasi unakwenda bila kusita. Vibaki vyake vilikuwa vidogo kiasi kwamba mimi, ninayevinunua kwa kilo na kuwauzia watengeneza mito, nilikuwa namlaumu.

"Dada, utanifilisi."

"Nenda kwa wanaokata vibaya," akajibu. "Wako wengi na wanakungoja."

Ulimi alikuwa nao. Kwa hiyo msimamizi wa zamani alipoacha kazi na mwenye karakana, yule waliyemwita Bosi, akampa Bi Mkasi nafasi ile, niliona Bosi ameokota dhahabu. Ila alimpa kwa masharti. Wiki nne, mpaka Jumamosi ya kukabidhi sare za wauguzi. "Mafundi wakikaa na wewe, kiti ni chako. Wakinikimbia, natafuta msimamizi nje, na wewe unarudi mezani kwako kukata."

Bi Mkasi alikitaka kile kiti na hakuficha. Kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, lakini kilikaa mahali ambapo mtu anaona cherehani zote kumi na moja bila kugeuza shingo. Miaka sita alikuwa amekata kwenye chumba cha nyuma, akitazamana na ukuta.

Jumanne ya kwanza nilikuta utani na vicheko. Jumanne ya pili nikakuta kimya. Cherehani zinalia, watu wameinamisha vichwa kama wanafanya mtihani. Nikaweka boksi langu chini nikajisemea, hapa kuna jambo. Mteja anayelalamika bei bado ni wangu. Anayenyamaza ana duka lingine kichwani.

"Sijui nimewafanya nini," Bi Mkasi aliniambia, tukihesabu mabunda ya uzi. "Sijamgombeza mtu. Sauti sijapandisha. Nikikaribia wanazima maneno kama redio."

"Labda ndiyo heshima."

"Heshima gani hiyo ya kuninunia?"

Akanieleza alivyojipanga. Msimamizi wa zamani alikuwa mtu wa makelele. Akiona mshono mbaya anaunyanyua juu kama bendera, kila mtu auone. Bi Mkasi aliapa hatakuwa hivyo. Akiona kola imekaa upande, ananyamaza. Saa kumi na moja mafundi wakiondoka, anabaki kidogo, anaifumua kwa wembe, anaishona upya, anairudisha kwenye fungu. Kosa limekwisha na mwenye kosa hajaaibika.

Nilimwambia ni akili hiyo. Nasema wazi ili nisije nikajifanya niliona mbali. Mimi pia niliona ni akili.

Nyumbani mume wake, dereva wa lori, hakuona ugumu wowote. "Wanunulie soda," alisema. "Watu wanataka kuonekana."

Akanunua kumi na moja, moja kwa kila fundi. Alivyonihadithia, alizigawa mwenyewe, chupa kwa chupa, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mama Pacha, mshona mikono ya nguo, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika barabarani.

"Soda ya nini? Nani anaondoka?"

"Hakuna anayeondoka, shoga yangu. Ni soda tu."

"Soda tu haipo," akasema Mama Pacha, akaisukuma chupa mbali na kitambaa.

Mzee Miwani, fundi mkuu wa kola, akasema sukari imemkataza. Mtu ambaye tangu nimjue anakunywa mbili kabla ya saa sita! Jioni ile chupa tisa zilibaki na vizibo vyake. Bi Mkasi akazipanga chini ya ngazi, akaenda nyumbani akamwambia mume wake asimpe ushauri tena mpaka afe.

Jumanne ya nne Mzee Miwani alinivuta pembeni, karibu na meza ya pasi.

"Wewe unaingia karakana nyingi. Wapi wanataka mafundi? Tuko watatu. Na Mama Pacha ni mmojawapo."

Nilijua mahali. Tena mwenye mahali hapo angenishukuru kwa oda nzuri. Lakini nikafikiri zaidi: hawa wakiondoka, Bi Mkasi anarudi nyuma, msimamizi analetwa kutoka nje, na msimamizi wa nje huja na muuza uzi wake. Kwa hiyo nikamuuliza, "Kwa nini, mzee wangu? Anawatesa?"

"Afadhali angetesa." Akachukua sare moja, akaigeuza kola ndani nje. "Ona hapa."

Pale karakanani kila fundi ana rangi yake. Akimaliza kipande anapiga mishono mitatu midogo kwa uzi wa rangi hiyo, upande wa ndani usioonekana, ili nguo ikirudi ijulikane imetoka mkono gani. Mzee Miwani ni nyekundu. Mama Pacha, bluu. Bi Mkasi, tangu enzi zake za kushona, kijani.

Kwenye kola ile palikuwa na nyekundu. Na pembeni yake, kijani.

"Enzi za yule wa zamani," alisema, "ukiona rangi yake imekaa karibu na yako, anza kuaga. Alikuwa anaweka alama kwenye makosa, akifikisha anayoyataka anambebea Bosi. Wanne waliondoka hivyo. Yule alikuwa na makelele, lakini ulimsikia anakuja. Huyu anatuchekea, anatupa soda, na huku anatukusanyia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkasi nikamwambia. Alikaa kwenye kiti chake cha waya.

"Mambo ya alama sikuyajua," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma nakata. Nilisikia tu fulani kafukuzwa."

"Kwani uliweka rangi yako ya nini?"

"Si nimeshona mimi? Nipige nyekundu kwenye mshono wangu, nimsingizie mzee wa watu?" Akajishika kichwa. "Hebu nieleweshe. Nikiwaambia makosa yao, mimi ni yule wa zamani. Nisipowaambia, mimi ni mbaya kuliko yeye. Sasa nifanye nini?"

"Mimi nauza uzi, dada."

"Basi nenda kauze!"

Alhamisi nilirudi kwa sababu vifungo vyeupe vilipungua. Nikiwa mlangoni nikamwona Bi Mkasi anapita katikati ya cherehani, kola mkononi, anatembea kama mtu anayevuka tope. Akasimama mbele ya Mzee Miwani, watu wote wanaona.

"Mzee wangu, kola hii imepanda upande mmoja."

Cherehani zikanyamaza moja moja. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Imepanda kiasi gani?"

"Nusu kidole."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Akaitandaza, akapima. "Robo."

"Nusu."

"Robo na kidogo."

"Na hicho kidogo ni kikubwa," alisema Bi Mkasi. Mama Pacha akaguna kama mtu aliyemeza kicheko. Mimi nikashusha pumzi, maana watu wanaovutana bei hawajaondoka sokoni.

"Na zile zenye kijani?" mzee akauliza. "Tusifichane."

"Kumi na nne. Nilizishona mimi. Sikumpelekea mtu yeyote, na sitampelekea."

"Zangu ngapi?"

"Tisa."

"Tisa!" Mama Pacha akapiga paja. "Na hayo macho manne yote?"

"Zako tatu," Bi Mkasi akamwambia. "Zile ulizomsaidia mzee wiki ya kwanza."

"Uongo huo! Lete nione!"

Akazileta. Nilidhani wataziangalia, watasameheana, kazi iendelee. Kumbe wakachukua nyembe. Wakaanza kufumua kola zilizo sawa kabisa, siku mbili kabla ya kukabidhi.

"Jamani, hizo zimeshanyooka!" Bi Mkasi alilia.

"Zimenyooka kwa mkono wako," alisema Mzee Miwani bila kuinua kichwa. "Mimi kosa langu ni langu. Nipe nilirekebishe."

Bi Mkasi akanitazama, nami nikatazama vifungo. Kwa biashara ninayoijua mimi ule ulikuwa wendawazimu. Lakini yeye hakuwazuia. Alivuta stuli akakaa kati yao, na kila kola iliyomalizika akaishika kwenye mwanga wa dirisha akasema bado au tayari. Mbili za mzee zilirudi tena. Alinung'unika, akafumua.

Jumamosi nilikwenda kwa kisingizio cha vibaki. Sare zilikuwa zimekunjwa, zimefungwa, zote. Mwenye karakana akasimama katikati.

"Haya, semeni. Mnakaaje na huyu?"

Mzee Miwani akakohoa.

"Anasumbua, Bosi. Juzi kanisimamisha mbele ya watu kwa robo kidole."

Bosi akamsogelea mzee.

"Kwa hiyo nitafute mwingine?"

"Nani kasema utafute mwingine?" Mzee aling'aka. "Nimesema anasumbua."

"Mwingine tuanze kumfundisha upya?" Mama Pacha akadakia. "Huyu mwenyewe ndiyo kwanza kaanza kusema."

Bosi aliwatazama, akamtazama Bi Mkasi, akakuna kidevu. Hakuelewa, na hakuna aliyejisumbua kumwelewesha. Akatundika funguo za karakana kwenye msumari juu ya kile kiti, akatoka kwenda kupakia.

Bi Mkasi alinifuata mpaka mlangoni. "Yaani niliwafichia aibu wakanichukia. Nimewaaibisha, wamenipenda?"

"Hawajakupenda. Wamebaki."

"Hizo ni tofauti?"

Nikamwambia hilo sijui, lakini kama zile soda tisa bado zipo, mimi sukari haijanikataza. Hakunisikia. Alikuwa ameshageuka, ameokota kola ya oda nyingine mezani, anaitazama kwenye mwanga.

"Mzee wangu!"

"Nini tena?"