Uso wa Yunuén kwenye Ukuta wa Birika

Doña Hermelinda alikuwa mpiga pasi. Mashati mengi meupe ya mji wetu wa Santa Rufina yalipita mikononi mwake: ya padri, ya wapiga tarumbeta, ya mabwana wa manispaa. Kabla ya kugusa nguo aliisogeza pasi karibu na shavu lake, akalisikiliza joto lake kama mtu anayesikiliza siri, kisha ndipo akaanza. Hakuwahi kuunguza hata kola. Ndiye aliyembeba mwanangu Nurite siku ya ubatizo, kwa hiyo mimi na yeye ni komadre, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Alikuwa na binti mmoja, Yunuén. Binti huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha maparachichi, kule njia ya kutokea mjini, akiyapanga kwenye makasha. Alikuwa akicheka kama mtu mwenye kwikwi, na akianza yeye, mtaa mzima ulicheka bila kujua sababu. Siku moja ya Februari aliwaaga wenzake langoni mwa kiwanda, na nyumbani hakufika. Toka pale langoni hadi kwetu ni mwendo wa nyimbo mbili tatu za redio.

Doña Hermelinda alitafuta kila mahali mama anapoweza kutafuta. Kuna akina mama wa kwetu wanaopanda vilimani na vyuma virefu, wanavichoma ardhini, wanavivuta na kuvinusa ncha, wapate kujua kama chini kuna maiti. Alikwenda nao. Lakini chuma hakukishika. Aliwabebea maji na tortilla, mikate yetu myembamba ya mahindi, zilizofungwa kwenye kitambaa, akakaa mbali kidogo akitazama barabara.

"Mbona hushiki?" mmoja alimuuliza.

"Mnaotafuta chini mpo wengi," alimjibu. "Mimi wangu namtafuta juu."

Sasa niseme habari za ukuta. Mwisho wa mtaa wetu kuna birika la kufulia la zamani, na nyuma yake ukuta mrefu wa manispaa. Miaka ya nyuma mchoraji wetu Crescencio aliuchora picha ya wanawake wanaofua. Hakubuni sura. Aliwachukua bibi wa mtaa waliokuwa wakifua pale tangu wasichana, akawaweka jinsi walivyo, na makunyanzi yao na vifundo vya vidole. Pembeni, kwa kuwa nafasi ilibaki, akamchora Yunuén akiwa na miaka kumi na saba, kabeba beseni kiunoni, kageuka kama aliyeitwa jina. Bibi wale wote sasa wamekufa. Yunuén peke yake hatujui.

Kwetu ukuta wa mtaa hauchorwi ovyo. Ipo Kamati ya Kuta na Sanamu. Mchoraji hupeleka kwanza picha kwenye karatasi, kamati inaibandika chini ya matao ya soko, na kila apitaye ana haki ya kusema neno. Na watu husema! Kuna punda mmoja wa kule machinjioni, mguu wake ulirefushwa mara mbili kwa sababu wenye punda hawakuridhika. Kila baada ya miaka kadhaa kamati huzunguka tena, ukuta kwa ukuta, ikiamua upi utiwe rangi mpya na upi upakwe chokaa uanze upya.

Sheria yao kubwa ni moja: sura ya mtu aliye hai haikai kwenye ukuta wa mji. Ilikuja baadaye, ukuta wetu ukiwa umekwisha kuchorwa, kwa sababu ya meya mmoja aliyejichoresha sokoni kama mtakatifu anayevusha mtoto mtoni. Aliposhindwa uchaguzi watu walimpiga nyanya pale ukutani mpaka mtoto naye akaharibika. Tangu hapo wakasema basi, ukutani wakae waliokwisha kufa, maana hao hawagombei kitu.

Ule mwaka kamati ilifika kwetu mwezi wa Oktoba. Mwenyekiti alikuwa mwalimu Perpetua, aliyetufundisha kuchora shuleni, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alisimama mbele ya birika muda mrefu. Watu wakajikusanya, nami nikiwa na Nurite mgongoni. Doña Hermelinda akatoka na aproni yake, harufu ya wanga wa mashati ikimfuata.

"Bibi hawa wote tutawatia rangi mpya," mwalimu alisema. Kisha akavua miwani. "Doña Hermelinda, hatutaki cheti wala karatasi. Neno lako tu. Usimame hapa mbele ya mtaa, useme binti yako ametangulia. Atakaa na bibi zake na hataguswa tena."

"Na nisiposema?"

"Basi yu hai. Na aliye hai..." Hakumalizia.

"Mwalimu, si mfumbe macho tu!" mtu akasema.

"Nilitaka. Lakini mwaka jana nilimfuta yule muuza nyama ukutani kwake, na kila akiniona ananiuliza kuhusu huyu. Nikimwacha huyu, wale wote niliowafuta watarudi na nyuso zao, kuanzia kanisani hadi machinjioni."

Doña Obdulia muuza mikate, ambaye kinywa chake hakina mlango, akadakia. "Si mumbadilishe pua? Crescencio, mtie hii yangu. Nami nipate kukaa ukutani bila kufa!"

Watu wakacheka. Hata doña Hermelinda alitabasamu. "Akirudi akaikuta pua yako pale, Obdulia, atageuza njia arudi alikotoka."

"Ee, angalau atakuwa amerudi!"

Kicheko kikakatika. Doña Obdulia akajiziba mdomo kwa mkono. Hakuwa na nia mbaya, yeye na Yunuén walipendana sana.

Crescencio akasema kweli anaweza kuigeuza sura kidogo, macho na kidevu, iwe ya msichana yeyote. Doña Hermelinda akatikisa kichwa. "Msichana yeyote simjui," alisema. Mwalimu Perpetua akampa muda wa kufikiri hadi sikukuu ya wafu ipite.

Siku zile nilikwenda kukaa naye mara nyingi, maana mume wangu yuko ng'ambo ya mpaka, na nyumba yenye mtoto mmoja ina kimya chake. Yeye anapiga pasi, mimi namnyonyesha Nurite kwenye kigoda. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa akienda birikani kuosha vumbi usoni pa Yunuén kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, toka paji la uso hadi shingoni. Sikujua picha nyingine yake yenye ukubwa ule wa mtu. Zile za kwenye simu ni ndogo, mtoto anatoshea kiganjani.

"Komadre," nilimwambia siku moja, "ni neno tu. Moyoni si unajua unachokijua? Useme, wakuachie uso wake."

Akanyoosha mkono wa shati, akapitisha pasi. "Nurite akianguka unamwambiaje?"

"Namwambia hajaumia."

"Na ananyamaza?"

"Ananyamaza."

"Basi usiniambie ni neno tu." Akaligeuza shati. Akasema, bila kunitazama, "Huko aliko mwanangu, kama yupo mahali ananingojea, anajua kuna mtu mmoja hajamzika. Nikisema, atabaki na nani?"

Nurite alikuwa amelala na ziwa mdomoni.

Sikukuu ikafika. Kila nyumba ya kwetu huweka meza ya wafu: mishumaa, mkate, chumvi, maji, chakula alichopenda marehemu. Na toka barabarani hadi kwenye meza tunamwaga njia ya petali za yale maua ya rangi ya chungwa, ili roho ikija ifuate harufu isipotee mlango. Siku hiyo kamati nayo hupita mitaani, maana matao ya maua pia yako chini yao.

Alfajiri niliamka kumnyonyesha mtoto, nikasikia minong'ono nje. Nikachungulia. Doña Obdulia na majirani walikuwa na ndoo za petali. Chini ya uso wa Yunuén walikwisha kuweka meza: mkate mkubwa wa wafu wenye sukari, mishumaa, chupa ya soda ya stroberi aliyokuwa akiipenda, na kasha dogo la maparachichi. Na toka pale walikuwa wanarudi nyuma nyuma, wakimwaga petali, kupita kwangu, hadi kwenye kizingiti cha doña Hermelinda.

"Doña Obdulia!" niliita kwa sauti ya chini. "Mnafanya nini?"

"Tunamsaidia. Yeye hawezi kulisema, basi tunamsemea kwa maua. Mwalimu akipita akaona meza, mambo yamekwisha, uso unabaki. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyelia. Shika ndoo hii."

"Nina mtoto."

"Haya, nyonyesha. Utaona atakavyofurahi."

Nawaambia walifanya kwa mapenzi. Walikuwa wamenunua maua kwa pesa zao, na doña Obdulia aliuoka ule mkate kwa siagi halisi, si ile anayotuuzia sisi.

Jua lilipotoka doña Hermelinda akafungua mlango. Alikuwa na kitambaa chake cha kuoshea uso mkononi. Aliinamisha macho, akaona rangi ya chungwa imefika hadi kwenye vidole vyake vya miguu. Akaifuata kwa macho barabarani, polepole, hadi ukutani, kwenye mishumaa. Nilikuwa kibarazani kwangu, niliuona uso wake. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na akashika fremu ya mlango.

Akaingia ndani. Akatoka na ufagio.

Alianzia kizingitini. Alifagia kwa nguvu, petali zikaruka na vumbi. Kwetu hakuna anayefagia maua siku ile, wafu wakiwa njiani. Ni kama kumfungia mlango mgeni usoni. Wanawake walitoka wakipiga ishara ya msalaba. Doña Obdulia alikuja mbio na viatu vya ndani.

"Usifagie, Hermelinda! Kwa ajili ya Mungu! Leo wanatembea!"

"Wako watembee. Wangu hapiti njia hii."

"Tumefanya kwa ajili yako! Wakuachie uso!"

"Umemwekea mkate, Obdulia." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikavunjika katikati. "Umemwekea mwanangu mkate wa wafu."

Doña Obdulia akaketi palepale barabarani akalia. Doña Hermelinda akampita na ufagio, akaendelea. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemsaidia. Nilimfunga Nurite mgongoni nikaenda kuzima mishumaa, kwa vidole, si kwa pumzi, maana kwetu mshumaa wa wafu haupulizwi. Hata pale sikujua kama ule ulikuwa mshumaa wa wafu au la.

Hapo ndipo mwalimu Perpetua alipofika na wenzake, wamevaa vizuri, na shati la mmoja wao lilikuwa limepigwa pasi na doña Hermelinda huyuhuyu. Mwalimu aliona meza, akaona njia iliyofagiwa nusu. Nadhani alielewa kila kitu, maana alisema haraka haraka, kama anayetaka kumfungia mtu mlango kabla hajatoka, "Tumeona meza, doña Hermelinda. Inatosha. Huna haja ya kusema kitu. Tutaandika kwamba—"

"Usiandike, mwalimu."

"Fikiri kwanza. Nakuomba."

Doña Hermelinda aliegemea ufagio. Alimtazama Yunuén pale juu, aliyegeuka kama aliyeitwa. Watu wote wa mtaa walikuwa pale.

"Binti yangu yu hai," alisema. "Pakeni chokaa."

Walikuja wiki iliyofuata. Crescencio hakuja, walisema anaumwa, na hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Manispaa ilimtuma fundi mmoja, Eleuterio, mtu mpole, na ndoo ya chokaa na brashi pana. Bibi wa pembeni aliwafunika kwa turubai wasichafuke. Alitaka kuanza na beseni na miguu, auache uso mwisho, kwa heshima.

"Hapana," doña Hermelinda alimwambia. "Anza na uso. Usimwache akikutazama unavyomfunika."

Eleuterio akavua kofia, akaivaa tena, akachovya brashi. Akapita mara moja, mara mbili. Nasi tukaona ajabu: uso ulikuwa bado upo. Chokaa mbichi haifichi kitu, ni kama maji ya mchele. Yunuén alionekana nyuma yake waziwazi, macho na mdomo, na kwa ule unyevu rangi zake zilikoza kuliko siku zote.

"Haijashika?" niliuliza.

"Itashika ikikauka, doña," Eleuterio alisema, akitazama chini. "Jua hili, hadi alasiri." Alimaliza mwili wote, akaosha brashi birikani, akaondoka.

Doña Hermelinda akaketi ukingoni mwa birika. Nami nikaketi. Nilimwambia twende ndani anywe kitu, hakuinuka. Weupe ulianzia pembeni, kwenye nywele, ukawa unasogea ndani. Ukichukua kidogo, ukipumzika, ukichukua tena. Shavu moja lilikwenda kabla ya lingine. Hakuyaondoa macho hata mara moja, na alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini, jina nadhani, au lile neno la kumwita mtoto anayechelewa kuja kula.

Nurite aliamka akalia, nikamnyonyesha palepale. Nilipoinua kichwa, ukuta ulikuwa mweupe. Doña Hermelinda bado alikuwa anautazama mahali palepale, kimo cha uso wa mtu, na mkono wake ulikuwa wazi magotini kama unaongoja kupewa kitu.