Gitaa na Ng'ombe Wenye Kiu

Nimepiga gitaa katika hoteli moja ya Nairobi ambako meneja alikuja mara mbili kuniomba nipunguze sauti, wageni wanakula. Nimepiga ughaibuni mbele ya watu waliofumba macho nikadhani wamelala, kumbe ndivyo wanavyosikiliza jazi huko. Nimepiga roki Nanyuki mpaka spika ikatoa moshi! Lakini hakuna jukwaa lililonitia hofu kama trela la lori lililoegeshwa kando ya soko la mifugo hapa Isiolo, kwetu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeliwekea dau gitaa lenyewe.

Niliyewekeana naye dau ni baba yangu. Yeye ni dereva wa boza, lori la tangi linalopeleka maji kule ambako visima vimekauka, na kwa miaka yote niliyozunguka na gitaa hakuwahi kuketi anisikilize. Nilimwonyesha picha zangu za majuu, akazitazama kwa heshima kama mtu anayetazama picha za mgonjwa.

"Kelele ya jenereta inaleta stima," aliniambia. "Hii yako inaleta nini?"

Mimi nina domo, na damu yangu huchemka upesi. Nikamwambia muziki wangu unaeleweka kwa mtu yeyote mwenye masikio. Akatabasamu, akagonga mfuko wa shati ambamo hukaa funguo za boza.

"Basi piga hapa nyumbani, mchana, watu wakuone. Wakikaa mpaka mwisho, mimi sitasema kitu tena. Wakienda, unaweka gitaa chini, unachukua hii funguo."

Nikasema sawa, Abba. Nilisema haraka mno.

Nilikuja na bendi yangu, yaani watu wawili. Mpiga ngoma ni Mmeru anayeuza miraa hadi adhuhuri, kisha mikono yake huwa haiwezi kutulia. Mpiga besi ni dada Mturkana, mwalimu wa hesabu, na ndiye pekee anayejua tuko wapi ninapoamua kubadilisha mapigo bila kumwambia mtu. Alasiri tukawasha jenereta. Viti vilijaa: wazee na bakora zao, mama wa chai, vijana waliopanda juu ya ukuta. Baba aliegesha boza mbali kidogo, akabaki ndani, kioo kimeshushwa.

Nilifungua kwa kile ninachokipenda kuliko vyote, nati ya gurudumu la lori ikiteleza juu ya nyuzi, sauti ikilia na kujikunja. Moyo wangu ulikuwa unaruka! Wa kwanza kuinuka alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Alikuja mpaka mbele ya trela, mkono kifuani.

"Salaam aleikum, kijana. Hiyo redio yako inatafuta stesheni gani?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wimbo wa pili, safu ya nyuma ikaondoka. Wa tatu, mama wa chai wakabeba birika zao wakafuata wateja. Nikatupa jicho kwa boza: baba alikuwa akitikisa funguo dirishani, polepole, bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma. Niliona maisha yangu yote yaliyobaki nikiyaendesha kwa gia ya kwanza kwenye vumbi la njia ya Oldonyiro.

Ndipo nikaacha orodha ya nyimbo zetu nikaingia ule wimbo wa kisimani. Nilikuwa sijawahi kuupiga hapa, niliona haya. Ughaibuni niliupiga wakauita muziki wa majaribio, nami sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba niliupata nikiwa mtoto, ndani ya kisima cha babu yangu upande wa Kinna, ambako wanaume husimama kwenye vidato vya ukuta, mmoja juu ya mwingine, wakipasiana ndoo na kuimba kwa kujibizana. Ndoo iliyojaa hupanda polepole, ndoo tupu hushuka mbio, kwa hiyo pigo linachechemea. Ng'ombe wakisikia wimbo huo wanajua maji yako tayari. Na ukishawaita, lazima wanywe, na wimbo haukatwi mpaka wa mwisho ainue kichwa. Niliwahi kunyamaza nikikohoa, na baba akaningurumia kutoka juu: "Usikate!"

Basi nikaupiga, na nikaupiga kwa nguvu zote za spika. Mpiga ngoma akaupata ule mchechemeo. Dada alihesabu kwa midomo, akacheka, akaingia.

Sikufikiria kwamba ni mkesha wa siku ya soko.

Kwanza nikaona vumbi. Kisha vijana wa ukutani wakapiga kelele. Ng'ombe waliokuwa wametembea kutoka Kinna bila tone la maji walikuwa wamegeuka wote, wanakuja mbio kwangu, wachungaji nyuma yao wakipunga fimbo bure! Viti vikapinduliwa. Wale waliobaki wakatimua. Ng'ombe wakalizunguka trela, wakanyoosha shingo, wakanitazama. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi, nimeganda. Wakaanza kulia.

Boza liliunguruma. Baba alilirudisha kinyumenyume hadi pale, akaruka chini, akawapigia kelele vijana walete yale mapipa ya sokoni yaliyopasuliwa kuwa hori. Maji yakaanza kumwagika. Kisha akageuka kwangu, uso umemwiva.

"Umeita ng'ombe ya watu halafu unanyamaza? Usikate! Piga!"

Nilipiga! Mama yangu, nilipiga! Nati, kucha, kiganja, kila nilichojifunza mabarabarani, na kila mara nikirudi kwenye ile ndoo inayopanda. Wachungaji wakaanza kujibu. Yule mzee wa hina akarudi, akajibu. Watu waliokimbia wakarudi, wakasimama katikati ya ng'ombe. Na chini yangu, ameshika mpira wa maji, baba yangu aliimba sehemu ya mtu wa juu kisimani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Machozi yalinitoka nikiwa nacheka.

Ng'ombe wa mwisho, mweupe, mbavu nje, aliinua kichwa. Nikazima.

Nikashuka trelani. Ahadi ni ahadi: watu walikuwa wameondoka, niliwaona kwa macho yangu. Nikamnyooshea baba mkono.

"Nipe funguo, Abba."

Aliitazama mikono yangu, iliyokuwa inavuja damu vidoleni, akafunga bomba la boza.

"Funguo ya nini? Kesho ngamia zinakuja. Nani atazipigia?"