Pesa Iliyoandikwa Kinyume

Thuwein ni mtu wa Unguja, mpole, na mbishi wa kutia hasira. Tunauza naye sarafu kongwe katika duka moja huku Uarabuni, mtaa wa Al Rigga, na ukimpa sarafu yako aitazame, hatakusifia ili ufurahi. Mimi ukweli wake ulikuwa ukinichosha. Wateja wengine wanataka kudanganywa kidogo, waende zao.

Alichokipenda kuliko vyote ni kutambua vivuli. Sarafu hupigwa katikati ya mihuri miwili ya chuma. Mashine ikikosea, kipande cha shaba kisipoingia, mihuri hugongana mitupu na kuachiana alama. Tangu hapo kila sarafu inayopigwa hubeba upande huu maandishi ya upande ule, hafifu, tena kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo.

“Hicho ndicho kivuli,” angesema. “Kivuli hukaa pale palipo patupu, hakipandi juu ya picha. Kikipanda kikaichubua, hilo ni kovu. Kuna mtu kaibana sarafu na mwenzake kwenye jiliwa, kile chuma cha fundi cha kubania, apate kuwauzia wajinga.”

Alasiri moja akaingia madam mmoja wa Al Garhoud, na nyuma yake msichana wake wa kazi, Najla, mtu wa Lamu, macho yamemvimba. Madam aliweka kwenye kaunta kifuko cha nailoni, akikishika kwa ncha za vidole. Ndani mlikuwa na pesa ya shaba ya Zanzibar ya zamani, ile yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Alisema ameikuta chini ya mto wa Najla, na mwanawe yeye madam, mdogo, ana homa isiyosikia dawa.

Niliigeuza upande wa mizani. Palikuwa na herufi za Kiarabu, zote kinyume. Kila mtu anajua Kiarabu cha kinyume huandikiwa nini, na hapa mambo ya uchawi ni polisi na jela. Madam alisema kuna jirani aliyemwambia huenda ni kosa la mashine. Kama ni hivyo, khalas, yamekwisha. Kama sivyo, anapiga simu.

“Kaka, wallahi nimeinunua kwa mchuuzi Mombasa,” Najla akasema. “Akaniambia ni adimu. Nimeiweka tu, ya kunikumbusha nyumbani. Mwambie madam, tafadhali.”

Thuwein akaweka lenzi jichoni. Alikawia. Nikamwinamia sikioni.

“Sema ni kivuli.”

“Imepanda juu ya mizani, dada. Ni kovu.”

“Sema ni kivuli, Thuwein!”

“Kwa nini nidanganye? Kovu ni utapeli wa mchuuzi. Nikimweleza ataelewa kwamba binti kaibiwa tu.”

Nilitamani kumpiga kofi. Kiarabu chake ni cha chuo cha Kurani na cha dukani, na akikosa neno huchukua la Kiswahili akalivua irabu ya mwisho, akaendelea. Alitaka kusema kwamba alama ile haikutoka kiwandani, ni kazi ya mkono. Kwao Unguja kazi ya mkono ni amali, hata vyuo vya ufundi vinaitwa vya amali.

“Hii si ya kiwanda, madam,” alisema kwa Kiarabu. “Hii ni amal.”

Na kwa mama wa Kiarabu mwenye mgonjwa nyumbani, amal ni uchawi aliofanyiwa mtu.

Najla, aliyeishi ndani ya Kiarabu cha nyumba ile, alielewa kabla yetu.

“Umesema nini, kaka? Umesema nini?”

Madam alirudi nyuma huku akisoma Ayatul Kursi, aya ya kujikinga. Thuwein akashtuka, akaanza kueleza, akikandamiza kiganja juu ya kiganja, hivi, mtu anabana, anabana kwa nguvu. Kila alichoongeza kilizidi kuharibu. Mwishowe madam akamuuliza swali moja: aliyefanya hivi, alifanya kwa kusudi?

Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kweli.

“Naam,” Thuwein akajibu. “Kwa kusudi.”

Madam akatoa simu. Thuwein alikuwa bado anaeleza habari za jiliwa, sasa kwa Kiswahili, akimtazama Najla amsaidie. Najla hakuwa akimsikiliza tena. Alinigeukia mimi, sauti imetulia kabisa.

“Dada, andika namba ya mamangu,” akasema. “Mpigie wewe, asije akasikia kwa watu.”